Dola na Tarehe Zake

Kiatu kimeandikwa dola 100 katika duka la Chicago. Mgeni anahesabu noti tano za ishirini, anaziweka kaunta, na muuzaji anabaki akimtazama: bado zaidi ya dola 10. Kodi ya mauzo ya mji huo imepita asilimia 10, na karibu nchi nzima kodi hiyo huongezwa mwishoni, mbele ya mashine, wala haionekani kwenye kibandiko cha bei. Oregon, Montana, Delaware au New Hampshire kiatu hicho kingeuzwa dola 100 kamili, kwa kuwa majimbo hayo hayana kodi ya mauzo. Minnesota inayo, lakini imesamehe nguo na viatu. Kila jimbo lina sheria zake, hasa panapohusika pesa, na ushauri mzuri wa binamu aliyeko Houston unaweza usimfae hata kidogo aliyeshukia Minneapolis.

Mgahawani nako kuna nyongeza. Bakshishi ya asilimia 15 hadi 20 haijaandikwa popote kwenye orodha ya vyakula, lakini inatarajiwa. Sheria ya serikali kuu inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu wa mezani dola 2.13 kwa saa, kiwango ambacho hakijaguswa tangu 1991, kwa matarajio kwamba wateja watajazia. Majimbo kama California na Washington yanataka mhudumu alipwe kima cha chini kamili, ila desturi iko palepale. Kinachoweza kukataliwa bila aibu ni ile skrini ya duka la kahawa inayomgeuzia mteja uso na kumwomba asilimia 25 kwa kikombe alichokibeba mwenyewe. Kitufe cha kukataa kipo, kimeandikwa kwa herufi ndogo.

Mambo hayo mtu huyazoea baada ya muda mfupi. Kinachochelewa kueleweka, na kinachokula fedha nyingi zaidi, ni kalenda. Nyumbani, mwenye nyumba utamwomba siku tatu, na mwenye duka la mtaani atakuandika kwenye daftari mpaka mwisho wa mwezi. Marekani anayedai mara nyingi ni kompyuta, nayo huongeza faini usiku wa manane bila kuuliza kumetokea nini. Kuna wenye kipato kidogo wanaoishi kwa utulivu kwa sababu wanalipa kila kitu siku yake, na kuna wauguzi na madereva wa malori wenye mishahara minono ambao kila mwezi wanagawa sehemu ya jasho lao kwa faini, riba na ada za kuchelewa. Mwongozo huu, basi, unafuata tarehe.

Anza na siku ya mshahara. Wafanyakazi wengi wa maghala, viwanda na nyumba za kulelea wazee, kazi ambazo Watanzania wameziita kwa jumla kubeba maboksi, hulipwa kila baada ya wiki mbili. Chukua mfano wa mtu asiye na mwenzi wala watoto anayefanya kazi ghalani Dallas kwa dola 18 kwa saa. Saa 80 za wiki mbili ni dola 1,440. Jamaa wa nyumbani wakizizidisha kwa shilingi huona mshahara wa mkurugenzi. Lakini kabla pesa haijafika benki, asilimia 6.2 imekwenda Social Security, mfuko wa hifadhi ya jamii, na asilimia 1.45 imekwenda Medicare, bima ya afya ya wazee: jumla dola 110 na senti kidogo. Kodi ya mapato ya serikali kuu inachukua kama dola 90 nyingine. Ikiwa amejiunga na bima ya afya ya mwajiri kwa, tuseme, dola 80, kinachoingia kwenye akaunti ni takriban dola 1,160. Na huyo yuko Texas, ambako hakuna kodi ya mapato ya jimbo. Angekuwa Kentucky au Minnesota angekatwa tena.

Bajeti ipangwe kwa hiyo 1,160. Inaonekana ni jambo la wazi, lakini wengi husaini mkataba wa nyumba na wa gari wakiwa na 1,440 kichwani, kwa sababu ndiyo namba waliyoambiwa siku ya kuajiriwa.

Kalenda ya mshahara ina zawadi moja ambayo watu huila bila kuiona. Mwaka una malipo 26 ya wiki mbili, wakati miezi 12 ikihesabiwa kwa malipo mawili mawili inatoa 24 tu. Maana yake kuna miezi miwili kila mwaka ambayo mshahara unaingia mara tatu. Anayezoea kuishi kwa malipo mawili kwa mwezi atajikuta na zaidi ya dola 2,300 zisizo na kazi maalumu, na hapo ndipo pa kuanzishia akiba ya dharura. Hata wenyeji akiba hiyo inawasumbua. Kila mwaka Benki Kuu ya Marekani huwauliza watu wazima wangefanya nini wakipatwa na gharama ya ghafla ya dola 400. Mwaka 2024 asilimia 63 walisema wangelipa kwa fedha taslimu au kwa njia inayolingana nayo. Waliobaki, zaidi ya mtu mmoja katika kila watatu, wangekopa, wangeuza kitu, au wasingeweza kabisa. Gari jipya lililoegeshwa mbele ya nyumba ya jirani, kwa hiyo, halisemi lolote kuhusu kilichoko benki.

Kwenye hati ya mshahara huenda ukakuta mstari umeandikwa 401(k). Ni akiba ya uzeeni, na jina lake ni namba ya kifungu cha sheria ya kodi tu. Waajiri wengi huongeza chao juu ya unachoweka: kwa mfano senti 50 kwa kila dola, mpaka ufikie asilimia 6 ya mshahara. Mgeni husema hana haja nayo, kwani baada ya miaka mitano atarudi kwao. Inawezekana. Hata hivyo, mchango wa mwajiri ni sehemu ya ujira, na kuukataa ni kufanya kazi ile ile kwa malipo pungufu. Uliza mambo mawili kabla ya kusaini: mwajiri anaongeza kiasi gani, na lazima ukae kazini muda gani ili nyongeza yake iwe yako kabisa. Kisha isahau. Anayezichota fedha hizo kabla ya kufika umri wa miaka 59 na nusu kwa kawaida hulipa kodi pamoja na adhabu ya asilimia 10.

Tarehe 1 ni ya mwenye nyumba.

Kupata chumba kwenyewe ni mtihani, kwani kampuni nyingi za upangishaji zinataka mpangaji awe na kipato cha mara tatu ya kodi ya nyumba kabla ya makato. Nyumba ya dola 1,000 inahitaji mshahara wa dola 3,000 kwa mwezi, pamoja na ada ya maombi isiyorudishwa na amana ya mwezi mmoja au zaidi. Mkataba kwa kawaida ni wa miezi 12, na kuuvunja katikati kuna bei yake. Isome ibara hiyo kabla ya nyingine zote. Siku ya kukabidhiwa funguo, piga picha kila mkwaruzo, kila doa la zulia na kila bawaba iliyolegea, kisha zitume kwa baruapepe kwa mwenye nyumba ili zibaki na tarehe. Amana ndiyo inayopotea kirahisi kuliko fedha zote za mpangaji. Sheria inampa mwenye nyumba siku 21 kuirudisha California na siku 30 Texas, naye akikata kitu anatakiwa aeleze amekata kwa sababu gani. Usitume hata senti kwa nyumba uliyoiona mtandaoni tu, hasa ikiwa mwenyewe "yuko safarini" na funguo zitakuja kwa posta.

Fedha zinazosubiri tarehe hizo zikae benki, kwani benki za Marekani zina bima ya serikali: fedha za mwenye akaunti zinalindwa na FDIC mpaka dola 250,000. Kiwango ni hicho hicho kwa krediti yunioni zenye bima ya NCUA, ambazo mtu wa Afrika Mashariki atazitambua haraka kuwa ni ndugu wa SACCOS: mwanachama ndiye mmiliki, ada ni ndogo, na zile za shirikisho haziruhusiwi kutoza riba inayozidi asilimia 18 kwa mikopo mingi. Ni mahali pazuri pa kuanzia. Kinachowakamata wageni ni ovadrafti. Akaunti ina dola 4, kahawa ni dola 5, benki inaikubali kahawa halafu inatoza ada inayoweza kufika dola 35. Kwa kadi ya benki na mashine ya ATM, kanuni zinataka benki ipate kwanza ridhaa yako kabla ya kukupa huduma hiyo, na karatasi ya ridhaa huchomekwa katikati ya nyingine siku ya kufungua akaunti. Ikatae. Kadi itagoma, utaona haya kidogo mbele ya foleni, na dola 35 zitabaki zako. Kwa hundi na malipo yanayojikata yenyewe ridhaa hiyo haihitajiki, kwa hiyo bili za kujikata ziwekwe siku mbili tatu baada ya mshahara.

Kuna mtego mwingine unaowanasa hasa wanafunzi. Mtu wasiyemjua anawatumia hundi ya dola 2,000 "kwa kazi ya nyumbani", anaomba warudishe 1,500. Benki huonyesha fedha kwenye akaunti baada ya siku moja au mbili kwa sababu sheria inaitaka ifanye hivyo, lakini hundi bandia inaweza kugundulika baada ya wiki. Ikirudi, deni ni la mwenye akaunti. Pesa aliyoituma kwa Zelle haitarudi, maana huduma hiyo hupeleka fedha papo hapo kama M-Pesa ila haina huruma ya kubatilisha muamala. Na hakuna ofisi ya serikali ya Marekani, iwe ya kodi au ya uhamiaji, inayodai malipo kwa kadi za zawadi za dukani. Anayepiga simu na kudai hivyo ni tapeli, hata akitaja jina lako kamili.

Sasa krediti, ambayo ndiyo pasipoti ya pili ya maisha ya huko. Kampuni tatu, Equifax, Experian na TransUnion, huweka kumbukumbu za kila mkopo na kila malipo ya mtu. Kumbukumbu hizo hugeuzwa alama kati ya 300 na 850, na alama inayotumika zaidi, FICO, imekuwapo tangu 1989. Mwenye nyumba huitazama, muuza magari huitazama, na katika majimbo mengi kampuni za bima ya gari nazo huitumia kupanga bei. Mtu aliyefanya biashara Kariakoo kwa miaka 20 bila kudaiwa na yeyote anashuka uwanja wa ndege akiwa hana alama hata moja. Kwa mfumo huo, asiyewahi kukopa na asiyejulikana ni mtu mmoja.

Asilimia 35 ya alama za FICO hutokana na kulipa kwa wakati, na asilimia 30 hutokana na kiasi unachodaiwa ukilinganishwa na kikomo ulichopewa. Kwa hiyo karibu theluthi mbili ya kazi yote ni kulipa siku yake na kutojaza kadi. Njia ya kawaida ya kuanza ni kadi ya mkopo yenye amana: unaweka benki dola 200 au 300, unapewa kadi yenye kikomo hicho hicho, na baada ya miezi kadhaa ya kulipa vizuri amana hurudishwa. Itumie kwa kitu kimoja, kama mafuta ya gari au bili ya simu. Usipite asilimia 30 ya kikomo. Kwenye kadi ya dola 300 hiyo ni dola 90.

Hapa tarehe ni mbili, na kuzichanganya kuna gharama. Ya kwanza ni ya kufungwa kwa hesabu ya mwezi. Deni linalosomeka siku hiyo ndilo mara nyingi hupelekwa kwa zile kampuni tatu. Ya pili ni ya mwisho wa kulipa, na kwa sheria ya mwaka 2009 lazima iwe angalau siku 21 baada ya hesabu kutumwa. Anayelipa deni lote kabla ya tarehe hiyo ya pili, mwezi baada ya mwezi, halipi riba hata senti kwa manunuzi yake. Mitaani kuna imani kwamba lazima ubakize deni kidogo ili alama zipande. Si kweli, na imani hiyo imewatajirisha wenye kadi kwa miaka mingi.

Riba yenyewe si ya mchezo. Kadi nyingi siku hizi zimepita asilimia 20 kwa mwaka. Tuseme mtu ananunua kochi na televisheni kwa dola 2,000, riba ikiwa asilimia 22, naye anaamua kulipa dola 40 kila mwezi bila kukosa. Riba ya mwezi wa kwanza peke yake ni karibu dola 37, kwa hiyo deni limepungua kwa dola tatu. Itamchukua zaidi ya miaka 11 kumaliza, na atakuwa ametoa karibu dola 5,470. Kochi litakuwa limeshatupwa zamani. Mikopo ya siku ya mshahara, ile ya maduka yenye taa za rangi kandokando ya barabara kuu, ni mibaya zaidi: ada ya dola 15 kwa kila dola 100 kwa wiki mbili ni sawa na riba inayokaribia asilimia 400 kwa mwaka. Baadhi ya majimbo, New York likiwamo, hayairuhusu kabisa.

Familia za Kikongo zilizotoka kambi za Nyarugusu, Kakuma au Nakivale kwa mpango wa wakimbizi zilikuta deni lao la kwanza limeshaandikwa: nauli ya ndege iliyokopeshwa kupitia IOM, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji. Mkopo huo hauna riba, na marejesho huanza takribani miezi sita baada ya kuwasili. Wapo waliodhani ni barua ya kutisha tu wakaiweka kabatini. Ulipwe kidogo kidogo bila kuruka mwezi, na ukilipwa hivyo ni mwanzo mzuri wa krediti, tena usio na gharama. Habari mbaya, kwa upande mwingine, hukaa kwenye kumbukumbu kwa miaka saba. Ripoti zako zinapatikana bure kwenye tovuti ya annualcreditreport.com, zisome, kwa sababu majina yetu hukosewa tahajia, na wakati mwingine deni la Juma mmoja huangukia kwa Juma mwingine.

Mtihani mgumu zaidi wa krediti hauletwi na benki. Unaletwa na rafiki mliyeabudu naye, au shemeji, anayesema: "Kaka, wewe umekaa sana huku, nisainie tu gari, nitalipa mwenyewe." Kusaini huko ni kukopa. Akichelewa siku 30, kuchelewa kunaandikwa kwa majina yote mawili. Akihamia jimbo jingine na kubadilisha namba ya simu, barua zitakuja kwako. Kama huwezi kulilipa gari hilo zima kwa mfuko wako, jibu liwe la heshima na liwe hapana. Msaidie kutafuta gari la bei ndogo lisilo na mkopo, lililokaguliwa na fundi asiyehusiana na muuzaji. Bima ya gari ni lazima karibu kila jimbo, na bei yake kwa mgeni asiye na historia ya udereva huweza kushinda hata rejesho la gari lenyewe, kwa hiyo iulizwe kabla ya kununua.

Bili ya ugonjwa haina tarehe, na hospitali hazina bei ya kubandika ukutani. Mwenye bima ajue mambo matatu kwenye karatasi zake: kiasi atakacholipa mwenyewe kila mwaka kabla bima haijaanza kuchangia, kiasi anachotoa kila anapomwona daktari, na kikomo cha mwaka ambacho akikifikia bima hubeba yote yanayobaki kwa huduma zilizo ndani ya mtandao wake. Uchunguzi wa kinga, chanjo na vipimo kadhaa havilipiwi kitu chini ya sheria ya bima ya mwaka 2010, na ni ajabu jinsi watu wanavyokatwa bima mwaka mzima bila kwenda hata kupima shinikizo la damu. Kidonda kinachohitaji nyuzi tatu kipelekwe kliniki ya huduma ya haraka, siyo chumba cha dharura, ambacho bili yake huwa kubwa mara nyingi zaidi. Kwenye hatari ya kweli usisite: tangu 1986 sheria inazilazimu hospitali zenye chumba cha dharura kumpima na kumtuliza mgonjwa hata kama hana uwezo wa kulipa. Bili itafuata, na hapo ndipo kazi huanza. Omba mchanganuo wa kila kitu. Uliza kuhusu mpango wa msaada wa fedha, ambao hospitali zisizo za kibiashara zinatakiwa kuwa nao kisheria. Omba kulipa kwa awamu bila riba. Wamarekani wenyewe hufanya hivyo kila siku. Anayelipa bili ya kwanza kama ilivyokuja kwa kawaida ni mgeni mwenye adabu nyingi. Asiyepata bima kazini akumbuke tarehe 1 Novemba, siku ambayo soko la bima la serikali hufunguliwa kwa mwaka unaofuata.

Manunuzi ya kila siku yanahitaji maneno machache. Lebo ya rafu mara nyingi huonyesha pia bei kwa uzito, kwa maandishi madogo kona ya chini, na hiyo ndiyo ya kulinganisha. Duka la ALDI ni rahisi kuliko maduka mengi makubwa, ingawa utaweka robo dola kufungua kigari na kuipata ukikirudisha. Bidhaa zenye risiti hurudishwa, mara nyingi ndani ya siku 30, bila maswali mengi. Na duka la Goodwill ni mitumba kabla haijasafiri: koti la baridi ambalo lingefungwa kwenye robota na kuishia soko la Gikomba au Karume linanunulika pale kwa dola chache, tena kwa kuchagua mwenyewe bila kusukumana.

Kisha kuna nyumbani. Wakenya walioko ughaibuni walituma zaidi ya dola bilioni 4.9 mwaka 2024, na Marekani inaongoza kama chanzo cha fedha hizo. Nyuma ya namba hiyo kuna ada za shule, dawa za mama, mabati, na ujumbe wa WhatsApp unaoingia saa tisa usiku: "Anko, umetusahau?" Hakuna ushauri wa maana unaoweza kuanza kwa kusema usitume. Kinachowezekana ni kuweka kiasi na siku. Aliyewaambia ndugu zake kwamba fedha huja baada ya mshahara wa pili wa mwezi, na kwamba fungu la michango ya harusi na misiba ni dola fulani tu, hununiwa mwanzoni. Baada ya muda nao hupanga mambo yao kwa tarehe hiyo. Asiyesema kiasi huonekana ana kisima.

Gharama ya kutuma hufichwa sehemu mbili: kwenye ada na kwenye kiwango cha kubadilishia fedha. Kampuni inayotangaza "bila ada" huenda inajilipa kwenye kiwango. Swali la kuzilinganisha kampuni hizo ni moja: nikitoa dola 200 mfukoni mwangu leo, mama atapokea shilingi ngapi? Tangu Januari 1, 2026 kuna pia kodi ya asilimia 1 kwa fedha zinazotumwa nje ya Marekani zikilipiwa kwa taslimu, hati ya malipo ya posta au hundi ya benki. Anayelipia kutoka akaunti ya benki au kwa kadi iliyotolewa Marekani haimgusi, na hiyo ni sababu nyingine ya kutoishi kwa noti zilizofungwa kwenye soksi. Upatu, chama au likelemba la watu wanaofahamiana bado lina kazi yake, ila lisihesabiwe kuwa akiba yote: halina bima ya FDIC na halijengi krediti.

Jambo la misiba lipangwe watu wakiwa wazima. Kusafirisha maiti mpaka Kisumu, Moshi au Bukavu hugharimu maelfu ya dola, na mchango wa haraka wa mtandaoni hautoshi kila mara. Jumuiya nyingi zina mfuko wa kufa na kuzikana. Jiunge mapema, kwa kuwa kawaida kuna muda wa kungoja kabla hujastahili. Uliza pia kazini kama kuna bima ya maisha, ambayo waajiri wengi hutoa bure au kwa dola chache, kisha uandike jina la mrithi na ulisahihishe kila familia inapobadilika.

Mwisho wa Januari mwajiri anatakiwa awe amekupa W-2, hati ya mapato na makato ya mwaka, na Aprili 15 ndiyo siku ya mwisho ya kupeleka hesabu za kodi. Marejesho ya dola 1,500 hupokelewa kwa shangwe kana kwamba ni zawadi, wakati kwa wengi ni fedha zao wenyewe zilizokatwa kupita kiasi mwaka mzima. Anayeendesha Uber au kupeleka chakula kwa DoorDash hakatwi chochote, na ndiye hushtuka Aprili: analipa mwenyewe asilimia 15.3 ya karibu faida yote kwa Social Security na Medicare, juu ya kodi ya mapato, na hutakiwa kulipa kwa vipindi vinne, Aprili, Juni, Septemba na Januari. Mwanafunzi wa viza ya F-1 kwa kawaida hatakiwi kukatwa Social Security na Medicare katika miaka yake mitano ya kwanza ya kalenda, akikatwa, adai.

Mwenye grinikadi au uraia hutakiwa kutangaza mapato yake yote duniani, ikiwamo pango la nyumba ya Kigamboni au Kitengela, ingawa kodi iliyokwisha lipwa huko inaweza kupunguzwa kwenye ya Marekani. Na kama akaunti zake za nje kwa jumla zilizidi dola 10,000 hata kwa siku moja ya mwaka, kuna fomu ya pili, FBAR, ambayo haidai kodi yoyote lakini adhabu ya kutoijaza ni kubwa. Tarehe yake ni Aprili 15, na husogezwa yenyewe mpaka Oktoba 15. Wenye kipato cha chini na cha kati wanaweza kujaziwa fomu za kawaida bure na watu wa kujitolea wa mpango wa VITA, mara nyingi kwenye maktaba na vituo vya jamii. Wenye nyumba na akaunti nje huenda wakahitaji mtaalamu wa kulipwa. Kabla ya kumpa karatasi zako, mwombe PTIN, namba yake ya mtayarishaji wa fomu za kodi, uhakikishe atasaini fomu kwa jina lake, na umpite anayetaka asilimia ya marejesho badala ya ada inayojulikana.